Mwenye Kisukari Anawashwa Kila Siku? Pima Kwanza, Paka Baadaye



Huenda nyumbani kwako kuna mtu anayejikuna usiku kucha. Labda ni mama mkwe wako, mume wako, au ni wewe mwenyewe. Ana kisukari na anameza dawa zake, lakini miguu inamwasha, mgongo unamwasha, au sehemu za siri zinamwasha mpaka anaona haya kusema. Mmeshabadilisha sabuni. Mmeshanunua tyubu tatu za krimu. Muwasho unatulia siku nne, kisha unarudi na nguvu zaidi.

Mwezi Mei 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele katika afya ya umma. Shirika hilo linakadiria kwamba wakati wowote ule, watu bilioni 1.8 duniani wana tatizo la ngozi. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa takwimu zake mpya: watu wazima milioni 589 wanaishi na kisukari. Katika kanda ya Afrika wako karibu milioni 25, na wanatarajiwa kufika milioni 60 ifikapo mwaka 2050. Tena katika kanda yetu, kati ya kila watu wazima kumi wenye kisukari, zaidi ya saba hawajui kwamba wanacho.

Habari hizi zilitangazwa kama mambo mawili tofauti: ngozi huku, kisukari kule. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Tanga, na mara nyingi nayakuta yote mawili kwa mtu mmoja, kwenye mkeka mmoja. Ninachotaka kukuambia leo ni kifupi: kwa mtu mwenye kisukari, muwasho wa muda mrefu ni ujumbe kutoka ndani ya mwili. Ukiufunika kwa krimu kabla ya kujua chanzo, unaufunika ujumbe wenyewe.

Krimu iko karibu, kipimo kiko mbali

Hebu fikiria safari mbili. Ya kwanza ni ya kwenda duka la dawa la mtaani. Unaeleza kwamba mzee anawashwa, na ndani ya dakika tano unarudi na tyubu ya krimu kwa shilingi elfu chache. Ya pili ni ya kwenda kupima sukari, figo na ngozi. Kuna nauli, kuna foleni tangu alfajiri, siku nyingine vijiti vya mashine vimekwisha, na kipimo cha figo unaambiwa ukafanye kituo kikubwa zaidi. Mlezi mwenye watoto watatu na kibarua atachagua ipi? Hata mimi ningechagua ya kwanza.

Sisemi hivi kuwalaumu wauza dawa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na umesogeza dawa hadi vijijini ambako hapakuwa na kitu. Mtoto mwenye homa ya malaria amesaidiwa sana na maduka hayo. Tatizo ni kwamba duka limeandaliwa kutoa dawa, halikuandaliwa kuchunguza muwasho wa miaka miwili.

Na kinachotolewa mara nyingi ni krimu ya mchanganyiko: ndani yake kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi yenye nguvu. Steroidi inatuliza muwasho haraka sana, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini inatuliza kwa kupunguza nguvu ya kinga ya ngozi. Kama chini yake kuna fangasi, wanaendelea kusambaa kimyakimya, na ukiacha kupaka wanaibuka wakiwa wengi kuliko mwanzo. Ngozi inakuwa nyembamba, inachubuka kwa kuguswa tu. Na ukipaka sehemu kubwa ya mwili kwa wiki nyingi, dawa inaingia kwenye damu na inaweza kupandisha sukari. Yaani dawa ya muwasho inalisha ugonjwa unaoleta muwasho.

India wameshaona njia hii inaishia wapi. Kwa miaka mingi krimu za mchanganyiko ziliuzwa huko bila cheti cha daktari. Madaktari wa ngozi wakaanza kuona fangasi wanaofunika kiuno, mapaja na mgongo mzima, na dawa za kawaida haziwawezi. Mwaka 2018 serikali ya huko ilizuia krimu 14 za steroidi zisiuzwe bila cheti. Mwaka 2020 wanasayansi waliwapa fangasi hao jina lao rasmi, Trichophyton indotineae. Kufikia Mei 2023 Marekani nayo ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wawili, mjini New York, ambao dawa iliyozoeleka ya terbinafine haikuwasaidia. Kilichoanza kama tyubu ya bei rahisi mtaani kimevuka bahari.

Nilichomwambia mama mkubwa

Nina sababu ya kuandika hivi, na si nzuri kwangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize stashahada ya uuguzi. Kwenye shughuli ya harusi ya binamu yangu, mama mkubwa, dada yake mama, alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, mwili unaniwasha mwaka wa pili huu. Nahisi damu imechafuka." Nilikuwa na sahani mkononi na wageni wananisubiri. Nikamwambia, "Mama mkubwa, badilisha sabuni, hiyo ni kali." Sikuangalia ngozi yake, wala sikumuuliza kama anakojoa mara kwa mara. Tena nilijua kwamba bibi yetu alikufa na kisukari.

Miezi saba baadaye aliletwa hospitali na kidonda mguuni. Alikuwa amejikuna hadi ngozi ikafunguka, na kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, hakusikia maumivu. Sukari yake ilikuwa 19.4. Chini ya matiti na kuzunguka tumbo alikuwa na fangasi waliofichwa na krimu alizokuwa akibadilishana na majirani. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Mpaka leo yuko hai na anatembea, na hajawahi kunilaumu. Ila kila nikisikia mtu anasema "ni sabuni tu," namkumbuka na kiatu chake kilichojazwa pamba mbele.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu niliyaona, nikasema jua litawaka tu.

Muwasho unatoka wapi?

Kwa mwenye kisukari, sababu zinazotokea sana ni hizi. Zisome ukiwa na mgonjwa wako akilini.

*Ukavu wa ngozi.* Sukari ikipanda sana, figo huitoa kwenye mkojo, na maji hutoka nayo. Mwili unakauka. Tena kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu inayoamrisha ngozi kutoa jasho, hasa miguuni. Utaona ngozi kama ina majivu, magamba madogo, na visigino vilivyopasuka. Muwasho uko zaidi kwenye miguu chini ya magoti, na unazidi baada ya kuoga.

*Fangasi.* Fangasi wanapenda joto, unyevu na sukari, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana vyote vitatu. Angalia chini ya matiti, kwenye kinena, makwapani, katikati ya vidole vya miguu na sehemu za siri. Kwa mwanamke kuna uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Kwa mwanamume, ngozi ya mbele ya uume inakuwa nyekundu na kupasuka. Fangasi za ukeni zinazorudi kila baada ya wiki chache ni sababu tosha ya kupima sukari hata kama mtu hajawahi kuambiwa ana kisukari.

*Mishipa ya fahamu.* Hapa ngozi inaonekana nzima kabisa, hakuna upele isipokuwa mikwaruzo ya kucha. Mgonjwa anasema anahisi moto, sindano, au wadudu wanatembea, miguuni, mgongoni au hata kichwani. Watu humwambia anajisikia tu, wengine wanasema amerogwa. Hapana, mishipa yake imeumia na inatuma ujumbe usio sahihi.

*Figo.* Kisukari ni kati ya sababu kubwa za figo kushindwa kufanya kazi. Figo zikichoka sana, mtu huwashwa mwili mzima bila upele, hasa mgongoni na usiku. Ukiona muwasho wa namna hii pamoja na kuvimba miguu au uso, kuchoka, au mkojo wenye povu, usipoteze siku dukani.

*Dawa zenyewe.* Mtu anaweza kupata mzio wa dawa mpya. Anayejichoma insulini sehemu ileile kila siku anaweza kupata uvimbe na muwasho hapo. Abadilishe sehemu za kuchoma.

*Upele wa kawaida.* Usisahau kwamba mwenye kisukari naye anaweza kuwa na upele unaoambukiza. Kama watu wawili au watatu ndani ya nyumba wanawashwa usiku, hasa katikati ya vidole vya mikono na kiunoni, basi huenda si kisukari. Nyumba nzima itatibiwa siku moja, na nguo na mashuka yatafuliwa siku hiyohiyo.

Unaona sasa kwa nini tyubu moja haiwezi kuwa jibu? Steroidi haitibu ukavu uliosababishwa na sukari, haitibu figo wala mishipa ya fahamu, na fangasi inawanenepesha.

Tiba inayofuata chanzo

Msingi wa yote ni sukari kushuka na kutulia. Nimeona wagonjwa ambao muwasho umepungua wenyewe ndani ya wiki chache baada ya dawa za sukari kurekebishwa. Lakini wakati huo mtu hawezi kuachwa ajikune, kwa hiyo kuna mambo ya kufanya nyumbani na mengine ya kituoni.

*Kwa ngozi kavu.* Aoge mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, asikae kwenye maji muda mrefu. Maji ya moto yanatamanisha kwa anayewashwa, lakini yanaondoa mafuta ya ngozi na muwasho unarudi mara mbili. Kama miguu yake ina ganzi, wewe ndiye upime joto la maji kwa kiwiko chako, kama unavyompimia mtoto mchanga, kwa sababu yeye anaweza kuungua bila kujua. Tumia sabuni ya kawaida isiyo na harufu kali, na uiweke tu panapohitaji: makwapani, kinena, nyayo. Achana na sabuni za kuua vijidudu kwa matumizi ya kila siku. Akitoka, mkaushe kwa kugusagusa taulo, usisugue. Kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, mpake mafuta ya mgando. Yale ya kawaida, ya bei ya chini, yasiyo na manukato, ndiyo mazuri. Rudia jioni.

Angalizo moja: usipake mafuta katikati ya vidole vya miguu. Pale panatakiwa pakae pakavu, vinginevyo unawakaribisha fangasi.

*Kwa fangasi.* Dawa ya kupaka inayopatikana hata zahanati nyingi ni ile iliyoandikwa clotrimazole peke yake kwenye boksi. Hupakwa mara mbili kwa siku, na huendelea kupakwa wiki mbili hivi baada ya ngozi kuonekana imepona. Wengi wanaacha siku ya tano muwasho ukitulia, kisha wanasema dawa ni feki. Kausha vizuri kabla ya kupaka, mpe mgonjwa taulo lake, na nguo za ndani ziwe za pamba na zianikwe juani. Kwa fangasi za ukeni kuna vidonge vya kuweka ukeni, na mwenye kisukari mara nyingi huhitaji siku nyingi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo mtoa huduma ndiye apange.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna kidonge cha fangasi cha kumeza kiitwacho fluconazole, ambacho watu hujinunulia. Mgonjwa anayemeza dawa za sukari kama glibenclamide au gliclazide akimeza na hicho, sukari inaweza kushuka mno: atatetemeka, atatoka jasho, hata kuzimia. Asikimeze bila mtoa huduma kujua dawa zake zote. Mjamzito pia asijinunulie kabisa.

*Kwa mishipa ya fahamu na figo.* Hapa krimu haina kazi kubwa. Daktari anaweza kuandika dawa za kutuliza mishipa kama gabapentin au amitriptyline, kwa kiwango kinachoendana na umri na hali ya figo. Kwa wagonjwa wanaosafishwa damu, Marekani iliidhinisha Agosti 2021 sindano maalumu ya muwasho wa figo iitwayo difelikefalin. Mimi sijaiona hospitali ninazopeleka wagonjwa. Kwetu, kinachookoa ni kugundua figo mapema, zikiwa bado zinaweza kulindwa kwa dawa za presha na sukari ambazo tunazo.

*Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi.* Wengi hununua chlorpheniramine kila wiki. Inamlaza mgonjwa, lakini muwasho wa ukavu, wa mishipa au wa figo hauutibu sana. Kwa mzee inaleta kizunguzungu, na mzee akianguka usiku akienda chooni, mmeongeza tatizo la nyonga.

*Vya kuepuka kabisa:* mafuta ya taa, limao, dawa ya kung'arishia nguo, majivu ya moto, kuloweka miguu kwenye maji ya moto ya chumvi, na kukwangua visigino kwa wembe. Pia sindano au vidonge vya steroidi "vya kusafisha damu". Hivyo hupandisha sukari kwa kasi, na nimepokea wagonjwa waliofika wamechanganyikiwa baada ya kupewa.

Jinsi ya kusoma boksi

Huhitaji kuwa muuguzi kufanya hili. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo yanayotaja dawa iliyo ndani. Nayaandika hapa kama yanavyochapishwa ili uyatambue: betamethasone, clobetasol, dexamethasone, triamcinolone, fluocinolone, mometasone. Hizo zote ni steroidi. Mara nyingi jina huishia na "sone" au "olone". Clobetasol haifuati mwisho huo, kwa hiyo ikariri. Ni kati ya zenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayowekwa pia kwenye baadhi ya krimu za kujichubua.

Hili la kujichubua si dogo. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na hydroquinone tangu 2001. Hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Marufuku ipo, lakini vikopo visivyo na maandishi bado vinachanganywa saluni na sokoni. Mama mwenye kisukari anayepaka mchanganyiko huo mwili mzima anameza steroidi kupitia ngozi kila siku, na kliniki inashangaa kwa nini sukari haishuki. Kama unatumia, mwambie muuguzi wako bila woga. Usiache ghafla kama umetumia muda mrefu. Tutakusaidia kupunguza taratibu.

Steroidi si sumu. Kuna ukurutu na magonjwa mengine ambayo yanaihitaji, kwa muda mfupi na sehemu ndogo, aliyeichagua akiwa ameiona ngozi. Ubaya ni kuitumia kwa kubahatisha.

Dawa mpya za kisukari, na muwasho wake

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliongeza kwenye orodha ya dawa muhimu kundi la dawa za kisukari ambazo zina majina yanayoishia na "gliflozin", kama dapagliflozin na empagliflozin. Ni dawa nzuri, zinalinda moyo na figo. Sasa zinaanza kuonekana kwenye kliniki zetu pia.

Zinafanya kazi kwa kutoa sukari kupitia mkojo. Kwa hiyo sehemu za siri zinapata sukari nyingi kuliko kawaida, na fangasi wanafurahia. Mgonjwa aliyeanza dawa hii akianza kuwashwa huko, asione haya na asiache dawa kimyakimya. Ajisafishe kwa maji na kujikausha kila baada ya kukojoa, na aende atibiwe fangasi. Wengi wanaendelea na dawa vizuri. Lakini akipata maumivu makali, uvimbe au wekundu kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, pamoja na homa, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Na mtoto je?

Sehemu hii ni ya kila mama, hata kama nyumbani hakuna mwenye kisukari.

Mtoto anaweza kupata kisukari, na kwa mtoto hakisubiri. Msichana mdogo anayewashwa ukeni, au mtoto wa nepi mwenye fangasi wasioisha, na papo hapo anakunywa maji sana, anakojoa sana, amerudia kukojoa kitandani wakati alishaacha, au anakonda: apimwe sukari siku hiyohiyo. Tone moja la damu kwenye kidole linatosha. Nimesikia watoto wa namna hii wakiambiwa wana mchango, au wana ugonjwa wa mkojo, wakapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Siku chache baadaye wanatapika, wanahema kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo maisha yako hatarini.

Uliza nini ukifika kituoni

Nenda na dawa zote mgonjwa anazotumia, pamoja na krimu zote, hata kikopo kisicho na jina. Usimpake kitu asubuhi hiyo, ili ngozi ionekane ilivyo. Kisha uliza haya:

1. Sukari yake leo ni ngapi? Kabla ya kula, kuanzia 7.0 ni kiwango cha kisukari. Wakati wowote, kuanzia 11.1 pamoja na dalili, ni kisukari.
2. Figo zake zimepimwa lini mara ya mwisho, kwa damu na kwa mkojo? Mwenye kisukari anatakiwa apimwe angalau mara moja kwa mwaka.
3. Je, mtaangalia miguu yake, akiwa amevua viatu na soksi?
4. Muwasho huu chanzo chake ni nini? Kama hawana uhakika, anaweza kupewa rufaa kwa mtaalamu wa ngozi? Tanzania ina chuo cha kufundisha wataalamu wa ngozi, kile cha kanda kilichopo Moshi, na wahitimu wake wako hospitali za mikoa mingi.
5. Dawa hii nipake wapi, mara ngapi, mpaka lini?

Hilo la tano ukiuliza tu, umeshaokoa nusu ya matibabu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika mikutano ya kijiji na mtaa, utakapoelezwa kuhusu bima, usiulize tu kuhusu kulazwa na kujifungua. Uliza kama kitita kinalipia vijiti vya sukari, kipimo cha figo, na clotrimazole. Azimio la Geneva litabaki karatasi mpaka kipimo kiwe karibu na nyumba yako kama krimu ilivyo. Na anayeweza kulisemea hilo kwa uzito ni wewe unayeamka usiku kumkuna mgongo mzee wako.

Usisubiri kesho ukiona:

- kidonda, lengelenge au mpasuko mguuni, hata kama hakiumi;
- wekundu unaosambaa, joto, usaha au harufu;
- homa pamoja na muwasho au uvimbe sehemu za siri;
- macho kuwa ya njano, au uso na miguu kuvimba;
- kuchanganyikiwa, kutapika, kuhema haraka au usingizi usio wa kawaida.

Leo jioni, kabla hamjalala, mkalishe mgonjwa wako karibu na taa. Mwangalie nyayo, katikati ya vidole, na chini ya matiti kama ni mama. Mkate kucha fupi. Mpake mafuta ya mgando miguuni, ukiruka katikati ya vidole. Kisha mwambie, "Kesho tunakwenda kupima." Akikuambia ni damu chafu tu, usibishane naye. Mwambie ndiyo maana tunakwenda kuipima hiyo damu.